Pima Kwanza, Ununue Baadaye

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, sasa mtumishi wa serikali, mbele ya Mkutano Mkuu wa Chama chetu katika ukumbi wa shule. Tunaichapa kwa ombi la wajumbe wengi, na kwa faida ya vijana wa Klabu ya Sayansi.)



Kamati iliponiandikia barua kuniomba nizungumze, ilinipa uhuru wa kuchagua jambo lolote lenye manufaa kwa wakubwa na wadogo. Nimechagua jambo ambalo kwa miaka kadhaa limekuwa kazi yangu ya jioni nitokapo ofisini, yaani kupima spika nyumbani kwa kutumia maikrofoni na kompyuta. Huenda baadhi yenu mtasema, "Huyu tumemwita atuzungumzie maendeleo, naye atuletea habari za muziki." Nawaomba mnivumilie. Katika ajenda ya leo liko pendekezo namba 4, linalotutaka tuchange fedha za kununulia ukumbi huu spika mpya. Ankara kifani imekwisha kuletwa, na wengine wenu mmekwisha kuahidi. Hivyo, habari ya kupima spika inatuhusu sote, na inahusu mifuko yetu kabla jua halijatua.

Kwanza niondoe utata wa maneno. Kiswahili chetu kina neno moja, kipaza sauti, ambalo wengine hulitumia kwa chombo unachosemea na wengine kwa chombo kinachotoa sauti kwa wasikilizaji. Mtu akikuambia kipaza sauti kimeharibika, hujui ufungue kipi. Leo chombo kinachosikia nitakiita maikrofoni, na kile kinachosema nitakiita spika, kama mafundi wetu wanavyoviita.

Kwa nini tupime? Mtauliza, masikio tuliyopewa na Mungu hayatoshi? Masikio yanatosha kabisa kwa kupenda na kuchukia. Yanatosha pia kukuambia kuwa kuna kasoro. Lakini hayakuambii kasoro iko wapi wala ni kubwa kiasi gani, na ubaya wake mkubwa ni kwamba huzoea. Spika iliyokukera siku ya kwanza, baada ya mwezi utaiona ya kawaida. Kadhalika, mafundi wawili wanaweza kubishana kutwa nzima, mmoja akisema spika hii ina besi nzito, mwenziwe akisema ni kelele tupu, na hakuna wa kuwaamua.

Kipimo huwaamua. Kipimo chenyewe ni grafu kama zile mnazochora darasani. Mstari wa chini unaonyesha idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo vitabu vya fizikia huiandika Hz, kuanzia 20 mpaka 20,000, kwani hapo ndipo sikio la kijana mwenye afya linapoanzia na kuishia. Mstari wa wima unaonyesha nguvu ya sauti kwa desibeli. Spika njema huchora mstari ulionyooka kwa kadiri iwezekanavyo. Mstari ukiwa na mlima, sauti za hapo hupiga kelele kuliko nyingine. Ukiwa na bonde, sauti za hapo hupotea. Mkumbuke kwamba desibeli hazihesabiwi kama maembe. Ongezeko la desibeli 3 ni kuzidisha nguvu ya umeme mara mbili, na ongezeko la 10 ni kuizidisha mara kumi, ingawa sikio litaona sauti imekua kama mara mbili tu.

Nitoe mfano mmoja ulio karibu nasi. Herufi "s" na herufi "f" tunapozitamka hutofautiana hasa katika mitetemo ya juu, kuanzia kama Hz 4,000 na kuendelea. Spika ikipoteza sehemu hiyo, irabu zote utazisikia vizuri, na sauti itakuwa kubwa ya kutosha, lakini herufi hizo mbili zitafanana. Hapo ndipo Mkuu wa Shule atasema kwa heshima zote "sisi", na kijana wa mstari wa nyuma atasikia "fisi". Nanyi mnacheka, lakini kijana huyo anakaa humu kusikiliza maelekezo ya mitihani.

Sasa nije kwenye maikrofoni. Zamani kazi ya kupima spika ilikuwa ya viwanda na vyuo vikuu vichache. Ilihitaji chumba maalumu kisicho na mwangwi, na maikrofoni za gharama kubwa kama zile za kampuni ya Brüel & Kjær ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1942. Mlango ulifunguliwa na ugunduzi ambao ningependa vijana waufahamu. Mwaka 1916 Mmarekani E. C. Wente alibuni maikrofoni ya kapasita: kiwambo chembamba mno kinachotikisika mbele ya bamba lenye chaji ya umeme. Ilisikia kwa uaminifu, ila ilihitaji volti nyingi, na kuitengeneza kulikuwa ghali. Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler, katika maabara za Bell huko Marekani, walitengeneza kiwambo cha plastiki kinachotunza chaji yake chenyewe kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo inayoitwa elektreti. Bei ikaanguka, na maikrofoni nyingi mno duniani zikawa za aina hiyo. James West ni Mmarekani Mweusi, aliyezaliwa Virginia mwaka 1931, wakati ambapo watu wa rangi yake walifungiwa milango mingi. Maikrofoni nyingi za kupimia tunazoweza kununua leo kwa mshahara wa kawaida ni wajukuu wa kazi ile.

Maikrofoni ya kupimia ina sifa tatu. Ya kwanza, husikia pande zote sawasawa. Ya pili, mdomo wake ni mdogo, upana wa kama milimita 6 hivi. Sababu yake ni hii: katika joto la nyuzi 25 sauti husafiri mita 346 kwa sekunde. Gawanya kwa 20, utaona wimbi la besi ya chini kabisa lina urefu wa mita 17. Gawanya kwa 20,000, utapata wimbi lenye urefu wa sentimita 1.7 tu. Maikrofoni yenye mdomo mpana kuliko wimbi inakuwa kama kijiti kinene kinachotaka kuchokoa tundu la sindano. Ya tatu, huja na faili la masahihisho, ambalo nitalieleza.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mtu anaweza kutumia maikrofoni ya kwaya au ya disko aliyonayo. Jibu ni hapana, hata kama ni nzuri sana. Chukueni Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ambayo mmeiona makanisani, katika mikutano na katika bendi. Imeundwa kusikia mbele tu ili isilete miluzi. Ukiisogeza karibu na mdomo, besi huongezeka. Mitetemo ya juu kiasi imepandishwa makusudi ili maneno yasikike, na watengenezaji wenyewe wanaipa mipaka ya Hz 50 mpaka 15,000. Hizo ni fadhila kwa mwimbaji, bali kwa mpimaji ni uongo. Ni sawa na mizani iliyowekwa jiwe la ziada ili kumfurahisha mteja. Maikrofoni ya simu nayo ina tabia zake: simu hupunguza kelele, hukata besi na hupandisha sauti ndogo yenyewe, bila kukuuliza.

Faili la masahihisho ni nini? Nitumie mfano wa mizani tena. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya dukani kwa mawe yanayojulikana uzito wake. Mizani ikionekana inapunja gramu 20 katika kila kilo, nawe ukalijua hilo, bado unaweza kupata uzito wa kweli kwa kujumlisha. Maikrofoni ya kupimia nayo hulinganishwa na maikrofoni bora zaidi, na tofauti zake huandikwa katika faili dogo lenye safu mbili: safu ya Hz na safu ya desibeli. Programu hulisoma na kusahihisha grafu yenyewe. Faili hilo ni la maikrofoni moja tu, kwa namba yake ya usajili. Kuazima faili la jirani hakufai. Maikrofoni nyingine huja na mafaili mawili: moja la kuielekeza kwenye spika, ambalo ndilo la kupimia spika moja moja, na jingine la kuisimamisha ikitazama dari, linalofaa ukipima chumba chenye spika nyingi.

Basi, ninunue ipi? Jibu linategemea kazi. Kuna makundi mawili yanayostahili kuangaliwa.

Kundi la kwanza ni maikrofoni za USB, kama UMIK-1 ya miniDSP, au UMM-6 ya Dayton Audio. Unachomeka waya mmoja kwenye kompyuta, unapakua faili kwa namba ya usajili, kazi inaanza. Kwa UMIK-1 programu huweza hata kukuambia kiwango cha sauti kwa desibeli za kweli, maana usikivu wa kila moja umeandikwa katika faili lake. Kwa mtu anayetaka kupanga spika sebuleni, kurekebisha ukumbi, au kujua spika ipi nzima na ipi mbovu, hii inatosha. Udhaifu wake ni kwamba ina saa yake ya ndani, tofauti na saa ya chombo kinachotoa sauti. Kujua sauti ilichelewa kwa muda gani hasa kufika kwenye maikrofoni kunahitaji mbinu za ziada.

Kundi la pili ni maikrofoni za waya wa XLR, kama EMM-6 ya Dayton Audio. Hizi zinahitaji saundi kadi ya nje yenye kutoa volti 48 kupitia waya ule ule wa maikrofoni. Vyombo vinakuwa viwili na nyaya zinaongezeka. Lakini saundi kadi yenye njia mbili inakupa jambo kubwa: njia moja inasikiliza maikrofoni, na ya pili inasikiliza umeme wenyewe uliotumwa, kwa waya uliozungushwa kutoka tundu la kutolea hadi tundu la kuingizia. Kwa kulinganisha njia hizo, kompyuta inajua muda halisi wa safari ya sauti. Fundi anayetaka kutengeneza krosova, ili wufa na tuita zikabidhiane kazi bila kugombana, hana budi kujua muda huo. Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: anayepima ili apange, achukue USB, anayepima ili aunde, achukue XLR na saundi kadi ya njia mbili. Na katika makundi yote, msinunue maikrofoni isiyo na namba ya usajili inayokubaliwa na kampuni yenyewe, hata ikiwa kwa bei ya karanga.

Nije kwenye programu. Hapa nina habari njema kwa wanafunzi. Programu inayotumiwa na wengi ni Room EQ Wizard, kwa kifupi REW, iliyoandikwa na John Mulcahy. Inapatikana bure, na hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Ipo sehemu ya nyongeza ya kulipia, lakini kazi zote nilizozitaja zinafanyika bila hiyo. Yuko pia Ivo Mateljan wa Croatia, aliyeandika ARTA pamoja na LIMP ya kupimia ukinzani wa spika. Na Kimmo Saunisto wa Finland, aliyeandika VituixCAD, ambayo hupokea vipimo vyako na kukusaidia kubuni krosova kabla hujagusa chuma cha kulehemu. Hakuna haja ya kutumia programu ya wizi. Ninawaambia hivyo kama mtumishi wa umma na kama kaka yenu.

REW hupimaje? Hutoa sauti moja inayopanda taratibu kutoka mtetemo wa chini hadi wa juu, mfano wa king'ora kinachoanza kwa kuguna na kuishia kwa mluzi, kwa muda wa sekunde chache. Mwaka 2000 Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, alionyesha kwamba sauti ya namna hiyo ikipanda kwa uwiano maalumu, kipimo kimoja hutoa mambo mawili: jibu safi la spika, na mkwaruzo wake, vikiwa vimetengana kwa wakati. Kabla ya kuanza, zima kila kitu ndani ya kompyuta kinachodai kuboresha sauti. Kompyuta ikiachwa iboreshe, utapima maboresho yake, si spika yako.

Sasa tatizo kubwa la kupima nyumbani ni nyumba yenyewe. Maikrofoni husikia spika, kisha husikia sakafu, dari na kuta zikirudisha sauti ile ile. Hapa nawageukia vijana wa Kidato cha Pili, mnaouliza kila siku kanuni ya Pythagoras ina kazi gani. Weka spika juu ya kimo cha mita 1.2, na maikrofoni kimo hicho hicho, umbali wa mita 1. Sauti ya moja kwa moja inasafiri mita 1. Ile inayogonga sakafu katikati inasafiri pande mbili ndefu za pembetatu. Nusu ya umbali ni mita 0.5, kimo ni 1.2, kwa hiyo upande mrefu ni 1.3, na safari nzima ni mita 2.6. Tofauti ni mita 1.6. Gawanya kwa mwendo wa sauti, 346, utapata milisekunde 4.6. Maana yake, kwa milisekunde 4.6 za mwanzo maikrofoni inasikia spika peke yake; baada ya hapo nyumba inaanza kuingilia mazungumzo. Programu hukuruhusu kukata kila kitu kinachokuja baadaye.

Lakini hakuna cha bure. Ukikata hapo, huwezi kuona chochote chini ya Hz 216, kwani wimbi la namna hiyo halikupata nafasi ya kumaliza hata mzunguko mmoja. Wengi hukosea hapa: hukata mwangwi, kisha huisoma besi kana kwamba ni ya kweli. Zipo njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kwenda uwanja wa mpira, mbali na kuta, ukapandisha spika na maikrofoni mita 3 juu ya ardhi. Fanyeni hesabu ile ile, mtaona mpaka unashuka hadi karibu Hz 70. Chagueni asubuhi isiyo na upepo, jogoo wakiwa wamenyamaza. Ya pili ni ile iliyoelezwa na D. B. Keele mwaka 1974: sogeza maikrofoni karibu kabisa na koni ya wufa. Kwa koni yenye upana wa sentimita 13, iwe umbali wa milimita 7 au chini yake. Hapo koni inafunika sauti ya chumba kizima, nawe unaona besi kwa usahihi, mpaka kama Hz 800. Sanduku likiwa na tundu, tundu nalo lipimwe peke yake, kisha vipimo viunganishwe kwa kuzingatia ukubwa wa kila kimoja.

Msipime mbele tu. Zungusheni spika nyuzi 15, kisha 30, kisha 45 na kuendelea. Utafiti wa Floyd Toole, aliouanza katika Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, umeonyesha kwamba wasikilizaji wasioona spika huchagua zile zenye mstari mnyoofu mbele, na ambazo pembeni hubadilika pole pole bila kuruka. Ukumbini hilo ni wazi zaidi, maana wengi wetu hatukai mbele ya spika; tunakaa pembeni.

Tahadhari nazitaja kwa ufupi. Msiunganishe kamwe waya wa kutokea amplifaya na tundu la kuingizia la kompyuta. Anzeni kwa sauti ndogo, kwani tuita huungua kwa sekunde chache. Zibeni masikio mkipima kwa nguvu. Na kila kipimo kiandikwe tarehe, umbali, kimo na kiwango cha sauti, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu Mwenyekiti, sasa narudi kwenye pendekezo namba 4. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, juzi na jana mimi na vijana wanne wa Klabu ya Sayansi tumepima spika nne za ukumbi huu. Vijana ndio waliofanya kazi. Mimi nilileta maikrofoni ya USB na kompyuta. Matokeo yamebandikwa pale mlangoni, kila mtu ayaone. Tumeona mambo matatu.

La kwanza, spika mbili za nyuma tuita zake zimekufa. Kutoka kama Hz 3,000 kwenda juu, mstari unaporomoka zaidi ya desibeli 20. Huko ndiko "sisi" inakogeuka "fisi". Wufa zake ni nzima, na masanduku ni mbao madhubuti ambazo leo zingetugharimu sana.

La pili, spika moja ya mbele nyaya zake zilikuwa zimegeuzwa. Moja ilipokuwa ikisukuma hewa, mwenzake alikuwa akiivuta, na katikati ya ukumbi besi zikawa zinauana. Sauti ya msemaji ilikuwa nyembamba kama isiyo na kifua. Kijana wa Kidato cha Tatu alibadilisha nyaya mbili, tukapima tena, bonde likafukika. Gharama yake ilikuwa sifuri.

La tatu ni ukumbi wenyewe. Sakafu ni saruji, kuta ni saruji, madirisha ni vioo. Ukiwa mtupu, sauti inachukua karibu sekunde 3 kufifia kwa desibeli 60. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alilishughulikia tatizo hili kuanzia mwaka 1895, kwa kubeba mito ya viti usiku na kuipanga katika ukumbi mwingine mpaka alipopata kanuni. Kanuni hiyo inatuambia kwamba wanafunzi wenyewe, wakijaa, wanameza sehemu kubwa ya mwangwi. Wakiwa nusu, tunahitaji mapazia mazito na vitambaa ukutani. Spika mpya haziwezi kuondoa mwangwi huo. Zitaupa tu sauti mpya ya kurudia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima kubwa kwa kamati iliyoshughulika na ankara ile, na kwa wenzangu waliokwisha kuahidi, kwamba tusinunue spika mpya mwaka huu. Najua si rahisi. Kitu kipya kinaonekana, kinafunguliwa kwa utepe na kupigwa picha. Tuita iliyobadilishwa ndani ya sanduku kuukuu haipigwi picha. Lakini fedha hizi ni jasho la watu, na wako miongoni mwetu wastaafu waliochanga kutoka katika kiinua mgongo.

Napendekeza mambo manne badala yake. Kwanza, tununue tuita mbili zinazolingana na zile za asili. Pili, tuweke mapazia ukuta wa nyuma na madirishani. Tatu, tuinunulie Klabu ya Sayansi maikrofoni moja ya kupimia yenye faili lake, pamoja na saundi kadi ya njia mbili ili wasikomee kupanga bali wajifunze kuunda. Nne, fedha itakayobaki iwekwe benki, na vijana wapime ukumbi tena baada ya kazi kumalizika, watuletee grafu katika mkutano wa mwakani. Kama grafu itasema spika mpya zinahitajika, mimi nitakuwa wa kwanza kuchanga, nasi tutajua tununue za namna gani.

Kwenu wadogo zangu, neno la mwisho. Mafundi wengi mitaani kwetu wana mikono ya ajabu. Wanakata mbao na kusuka koili, lakini wanaunda kwa kukisia, kwa kuwa hakuna aliyewapa kipimo. Mkijifunza kazi hii hapa, nendeni nayo kwao likizo. Msiende kama waalimu wa kuwasuta. Nendeni kama wadogo zao wenye maikrofoni mfukoni, muwaombe ruhusa ya kupima. Fundi mwenye mikono na kijana mwenye grafu wakikaa benchi moja, spika zitakazotoka hapo hazitahitaji kuombewa radhi.